Watoto 40 na Mpira Mmoja: Kupanga Mazoezi ya Viungo Rujewa

Katika viwanja vingi vya shule watoto 40 hupangwa safu 4 za watoto 10. Mtoto wa mbele katika kila safu hukimbia hadi kwenye alama na kurudi, huku wenziwe 9 wakingoja zamu. Kelele ni nyingi, na mtazamaji hudhani kwamba wote wanafanya mazoezi. Hesabu ndogo yaonyesha vingine. Mchezo huo ukidumu dakika 20, kila mtoto hukimbia dakika 2 tu na kusimama dakika 18. Watoto haohao wakigawanywa katika safu 10 za watoto 4, kila mmoja hukimbia dakika 5.

Tofauti hiyo si ndogo. Misuli ifanyapo kazi huhitaji oksijeni zaidi, hivyo moyo hupiga kwa kasi zaidi. Mazoezi yakirudiwa mara kwa mara, moyo hupata uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mifupa nayo hujijenga kwa kuruka na kutua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, walau dakika 60 za mazoezi ya kiasi hadi ya nguvu kila siku.

Mchezo wa rede unatoa mfano mwingine. Wawili hurusha mpira kutoka pande mbili, na walio katikati hukwepa, anayepigwa hutoka. Mara nyingi anayetoka kwanza ni yule mzito au asiye mwepesi wa kukwepa, yaani ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mazoezi. Yeye huketi, na hodari huendelea kucheza. Dawa yake ni rahisi: anayepigwa aruke kamba mara 10 pembeni, kisha arudi mchezoni. Hivyo furaha ya rede yabaki, wala hapana mtoto anayegeuzwa mtazamaji.

Jambo la pili ni joto. Rujewa iko katika tambarare ya Usangu, chini ya mji wa Mbeya kwa mita zipatazo 600. Kwa kuwa halijoto ya hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda, yatarajiwa Rujewa iwe na joto zaidi kwa nyuzi 4 hivi. Aidha, mtoto si mtu mzima mdogo. Kwa kila kilo ya uzito wake, yeye huzalisha joto zaidi akimbiapo, na hutoa jasho kidogo. Ngozi yake pia ni pana ikilinganishwa na uzito wake. Kwa hiyo hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, hupokea joto upesi. Mpango ufaao mchana Mbeya waweza kuwa na hatari Rujewa, hasa mwezi Oktoba na Novemba kabla ya mvua.

Kwa hiyo kipindi cha dakika 40 kifanyike asubuhi au jioni. Dakika 5 za kwanza ziwe za kutembea na kunyoosha viungo; dakika 30 za michezo ya vikundi vidogo, pamoja na mapumziko ya maji kivulini; na dakika 5 za mwisho za kupoa. Mtoto mwenye kizunguzungu au kichefuchefu apumzishwe kivulini, apewe maji na kupozwa kwa kitambaa kilicholowa. Akichanganyikiwa au kuzirai, asinyweshwe kitu. Aendelee kupozwa na afikishwe hospitali mara moja.

Wanafunzi wa sekondari waweza kulipima jambo hili wenyewe. Mtoto ahesabiwe mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, na hesabu izidishwe kwa 4. Apimwe akiwa ametulia, mara tu baada ya kukimbia, na tena kabla tu ya zamu yake nyingine. Kwanza katika safu ya watoto 10, kisha katika safu ya watoto 4. Tarakimu hizo zikiandikwa katika jedwali, zitaonyesha ni mpangilio upi ulioufanyisha moyo kazi.