Wakala wa Ajira Hana Kazi Mfukoni

Ni nadra siku hizi kukuta nyumba mjini isiyokuwa na kijana aliyemaliza masomo na ambaye bado anangoja kuitwa kazini. Kijana huyo akisikia kwamba fulani ni wakala wa ajira, humdhania kuwa ndiye mwenye funguo za kila ofisi. Wazazi nao huamini hivyo hivyo. Dhana hiyo imewaponza wengi, na yafaa tuichambue.

Kazi ya kutafuta wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri si ngeni kwetu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi iliyokusanya vibarua kutoka sehemu za mbali kama Kigoma na kuwapeleka mashambani kwa mikataba. Hao ndio manamba, watu waliojulikana kwa namba zaidi kuliko kwa majina yao. Wakala wa leo hukaa ofisini, na Sheria ya mwaka 1999 ya huduma za kukuza ajira iliweka utaratibu wa kumsajili. Lakini jambo moja halikubadilika: anayemtuma ni mwajiri, na anayemlipa ni mwajiri. Mwombaji kazi hana budi kulielewa hilo kwanza.

Je, siku yake hupitaje? Huanza na mwajiri mwenyewe, ambaye aghalabu hajui hasa amtakaye. Atataka mhasibu mwenye uzoefu wa miaka kumi, umri usiozidi thelathini, na mshahara wa mtu anayeanza kazi jana. Wakala hukaa naye, akamweleza kwa upole kwamba mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Wakipatana, tangazo hutoka, na hapo mafuriko huanza. Wasomaji wengi watakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140.

Katika lundo la maombi, wakala husoma kila wasifu kwa muda mfupi mno. Hutafuta mambo machache: je, mtu huyu amewahi kufanya kazi inayotakiwa, wapi, kwa muda gani, na nani atathibitisha? Kisha hupiga simu, hukagua vyeti, huwauliza wadhamini, huwaita wachache kwenye usaili, na mwishowe hupeleka kwa mwajiri majina matatu au manne. Mara mwajiri hukaa kimya wiki tatu, na mwombaji aliye bora akapata kazi kwingine. Mara nafasi yenyewe hufutwa. Na kwa kawaida, mtu aliyeajiriwa akiondoka kabla ya muda uliokubaliwa, wakala hulazimika kutafuta mwingine bila malipo mapya.

Lakini mzigo mkubwa zaidi ni kusema hapana. Kwa kila anayefurahi, wapo makumi wanaorudi nyumbani mikono mitupu, na wengi wao walistahili. Wakala aliyechoka huacha kuwajibu, na ukimya huo huuma kuliko jibu lenyewe. Kuna pia vimemo: mjomba, jirani, mtu mkubwa ofisini, kila mmoja na "kijana wetu huyu msaidie." Akimpitisha wa kimemo, amemdhulumu aliyesota na masomo bila ndugu wa kumtaja. Wapo hata waajiri wanaonong'ona kwamba wasiletewe mwanamke mjamzito, au mtu wa kabila fulani. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi huo, na inamlinda hata yule ambaye ndiyo kwanza anaomba. Wakala mwadilifu humkumbusha mwajiri hivyo, ingawa anajua kwamba huenda akampoteza.

Sasa turudi nyumbani. Kwa kuwa mwajiri ndiye mlipaji, mtu anayekutoza ada ya fomu, au fedha za "kuharakisha faili", akikuahidi kazi kwa hakika, ana biashara nyingine. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997 uliweka msingi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi. Mzazi asiuze shamba wala cherehani kwa ahadi ya namna hiyo, hasa ya kazi ya ng'ambo. Ulizeni kwanza usajili wake, jina la mwajiri, na mkataba ulioandikwa.

Naye kijana aandike wasifu mfupi na wa kweli, unaojibu tangazo lenyewe, badala ya kutawanya barua moja mji mzima. Atakapokosa, aulize kwa heshima alipungukiwa nini. Asipojibiwa, asijione duni, maana huenda nafasi ilikuwa moja tu, na watu mia wakaiomba.

Wakala hana kazi mfukoni. Alicho nacho ni jicho la kupambanua na dhamana ya kulitumia kwa haki. Anayeisahau dhamana hiyo huwarudisha watu kwenye zama za manamba. Anayeikumbuka humwona kila mwombaji kuwa ni mtu mwenye jina, na mwenye nyumba inayomsubiri.