Fahamu: Fedha mkononi huifanyia nini familia ya Mangina

Mangina, magharibi mwa mji wa Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilijulikana duniani Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulipotangazwa. Mbali na ugonjwa huo, mashambulizi ya waasi wa ADF yamekuwa yakiwafukuza wakulima kwenye kakao yao. Familia iliyokimbia haina shida moja: leo unga wa muhogo, kesho karo, kesho kutwa jembe na mbegu. Gunia la msaada hujibu shida moja tu, na mara nyingi sehemu yake huishia sokoni, ikauzwa kwa hasara ili ipatikane sabuni au dawa. Fedha taslimu huondoa hasara hiyo.

Je, hazitanywewa? Watafiti wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 mwaka 2014, wala hawakuona kwamba misaada ya fedha huongeza ulevi au sigara. Hoja nzito ni ya bei: je, fedha nyingi hazitapandisha bei sokoni? Huko Siaya, Kenya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja. Bei zilipanda kidogo mno, na hata majirani wasiopewa walinufaika. Lakini Siaya bidhaa zilifika. Barabara ya Mangina ikifungwa na mapigano, noti hazigeuki unga, na hapo ni afadhali kugawa chakula chenyewe. Tena fedha hazimrudishi mkulima kwenye shamba ambako anaogopa kuuawa. Zinamwezesha kulipa pango, kukodi kipande cha ardhi karibu na mji, na kutoliuza shamba lake kwa bei ya kutupa.