Tamthilia Ndani ya Miwani

Mkazi wa Ibaba, katika milima ya Ileje mkoani Songwe, akitamani kuwatazama waigizaji mahiri ana kwa ana, aghalabu humlazimu kusafiri mbali. Ndiyo maana sanaa ya kuigiza ndani ya uhalisia pepe, ambayo humkutanisha mwigizaji na hadhira ilhali kila mmoja yu nyumbani kwake, yastahili kuelezwa kwa makini.

Mtazamaji huvaa miwani ya kompyuta, yenye uzito wa nusu kilo hivi, imfunikayo macho kabisa na kumwonyesha ulimwengu mwingine pande zote. Mwigizaji naye, hata akiwa ng'ambo ya bahari, huvaa miwani kama hiyo, na kila ainuapo mkono au atamkapo neno, umbo lake mle ndani hufanya vivyo hivyo papo hapo. Hayo huitenga sanaa hii na filamu, kwani mchezo hufuata pia yale wayatendayo watazamaji.

Mwaka 2020, korona ilipofunga majumba ya michezo, kampuni ya Tender Claws ya Marekani iliigiza kwa njia hiyo tamthilia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Tufani. Kwa dakika 40 hivi mwigizaji mmoja tu, akiwa kwake, aliwaongoza watazamaji wachache na kuwashirikisha katika kisa. Nao, wakiwa wamevikwa vinyago na majoho, hawakuwa na sauti: walijibu kwa ishara za mikono na kwa kualisha vidole.

Hapo ndipo nionapo upungufu. Mnamo mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakawauliza wenyeji masaibu yaliyowasumbua. Wenyeji wakataja, pamoja na mengine, mimba za wasichana wadogo. Vijana wakalitungia jambo hilo mchezo wa ngoma na nyimbo, na ulipokwisha kuchezwa, wazazi na vijana wakajadiliana hadharani mambo ambayo nyumbani waliyaonea haya. Mtazamaji wa Malya alikuwa na ulimi, na kwa ulimi huo mchezo ukapata faida yake.

Miwani hiyo ni ghali, nayo huhitaji umeme na intaneti thabiti. Lakini ala hushuka bei. Nawasihi basi wasanii wetu, wa Bagamoyo na wa vyuo vikuu, watakapoishika, wamwachie mtazamaji wa Ibaba sauti yake, aweze kumkatiza mwigizaji na kumhoji, kwa Kiswahili au kwa Kindali.