Kuumia kazini: karatasi ya siku ya kwanza ndiyo inayoamua matunzo

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mfanyakazi akivunjika mguu kwenye shantie au akikatwa vidole na mashine, mara nyingi anaingia hospitalini kama mgonjwa wa kawaida na analipa kama mgonjwa wa kawaida. Sheria ya inchi haisemi hivyo. Lakini kati ya sheria na kitanda cha hospitali kuna karatasi moja ambayo wafanyakazi wengi hawajawahi kuiona kwa macho: tangazo la ajali ya kazi.

Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira: kila mahali nyumba za ghorofa zinapanda. Vijana wanabeba betoni juu ya ngazi za miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa misumari na kamba. Hawana kofia ya kukinga kichwa, hawana viatu vya kazi, wengi wako na sapatu tu. Wanalipwa jioni, siku kwa siku. Mti ukivunjika, kijana anaanguka pamoja na karai lake.

Kinachofuata kinajulikana mtaani. Wenzake wanampandisha kwenye moto, mguu ukiwa unaning'inia. Anapelekwa kwenye kituo cha afya cha karibu, si kwenye hospitali kuu, kwa sababu pale hawaombi pesa nyingi za kutanguliza. Patroni anafika, anatoa dola chache, anasema pole, anaahidi kurudi. Kesho yake mtu mwingine amekwisha kuchukua nafasi kwenye ile ngazi. Siku ya tatu simu ya patroni haipokelewi tena.

Hapo ndipo jamaa inaanza kuchanga. Mama anauza akiba ya maharagwe, mjomba anakopa, kanisa linakusanya sadaka. Radio ya mfupa inalipwa kando, dawa zinalipwa kando, upasuaji unasubiri. Na hata baada ya kutunzwa, mgonjwa anaweza kubaki wiki nyingi kitandani akiwa amepona, kwa sababu hospitali haimruhusu atoke kabla deni halijalipwa. Hospitali nazo zina sababu yao: nyingi zinaishi kwa pesa za wagonjwa, na bila pesa hizo hazinunui dawa wala hazilipi wauguzi.

Saa za kwanza zinapotea

Jambo baya zaidi katika mzunguko huu ni muda. Mfupa ukitokeza nje ya ngozi, kidonda kinapaswa kusafishwa vizuri katika chumba cha upasuaji na mgonjwa apewe dawa za kuua vijidudu mapema, katika saa za kwanza, pamoja na chanjo ya pepopunda. Familia ikitumia siku mbili kutafuta pesa, uchafu unaingia ndani ya mfupa. Mfupa uliooza kwa ndani unaweza kutoa usaha kwa miezi au miaka, na mara nyingine njia inayobaki ni kukata.

Wengi wanaokosa pesa wanakwenda kwa waganga wa kienyeji wanaounga mifupa. Wananchi wanawaamini, wako karibu, wanapokea hata kuku au deni. Kwa mfupa uliovunjika kidogo bila kidonda, mtu anaweza kupona. Lakini vijiti vilivyofungwa kwa nguvu juu ya mguu uliovimba vinaweza kuzuia damu isipite. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, hiyo ni alama ya hatari: kamba zifunguliwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Na plasta ikitolewa, matunzo hayajaisha. Mkono ulioumia unahitaji mazoezi ya viungo ili vidole vikunje tena. Aliyekatwa mguu anahitaji mguu wa bandia, na baadaye mwingine, kwa sababu ule wa kwanza unachakaa. Vituo vya kazi hiyo vipo, kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu, lakini ni vichache kwa eneo kubwa namna hii. Anayetoka Walikale au Shabunda anapaswa kwanza kupata pesa za njia.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya Kongo ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi na jamaa yake matunzo wakati wa ugonjwa au ajali: daktari, upasuaji, dawa, kulala hospitalini, safari ya kwenda kutunzwa, hata vifaa vya viungo vilivyopotea. Kwa hiyo mwajiri anayelipa hospitali anatimiza deni lake la kisheria. Si zawadi wala huruma. Mkataba wa kazi ukisimama kwa sababu ya ugonjwa au ajali, mfanyakazi anaendelea kuwa na haki ya theluthi mbili za mshahara wake.

Pembeni kuna Kasha la taifa la usalama wa jamii, CNSS, ambalo wazee bado wanaliita INSS. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaliweka chini ya kanuni mpya. Kila mwezi mwajiri anapaswa kutoa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazi peke yake, na asilimia hiyo haikatwi kwa mfanyakazi. Ndiyo pesa inayopaswa kusaidia matunzo, malipo ya siku ambazo mtu hafanyi kazi, pensheni kwa aliyebaki kilema, na msaada kwa mjane na yatima kama mfanyakazi amekufa. Hata ajali ya njiani, kati ya nyumba na mahali pa kazi, inahesabiwa kuwa ajali ya kazi.

Kimataifa pia Kongo ilijifunga. Tangu mwaka 1967 iliridhia mapatano namba 121 ya Shirika la Kazi Duniani, yanayohusu malipo na matunzo ya watu walioumia kazini.

Waajiri wengi wanajibu: "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa mtu wa kulipwa kwa siku, hana kontra." Jibu hilo halina nguvu kama wanavyofikiri. Kontra isipoandikwa, mfanyakazi anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote: mashahidi, picha, ujumbe wa simu, daftari la malipo. Na mtu wa kulipwa kwa siku akiisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa muda usio na mwisho. Vijana wengi wa shantie wamevuka siku hizo zamani, bila kujua.

Kwa nini ajali hazitangazwi

Mwajiri ambaye hakuandikisha watu wake kwenye CNSS anajua kwamba kutangaza ajali ni kujishitaki mwenyewe kwa michango ambayo hakulipa. Kwa hiyo anapendelea kumaliza mambo "katika familia". Katika migodi mikubwa na kazi za barabara kuna ugumu mwingine: aliyeumia anavaa nguo zenye jina la kampuni kubwa, lakini karatasi zake ni za kampuni ndogo iliyopewa kazi. Kila upande unamrudisha kwa mwenzake.

Mfanyakazi naye anaogopa. Akipeleka malalamiko, nani atamrudisha kazini? Na wakaguzi wa kazi, wanaopaswa kupita kwenye shantie na viwanda, ni wachache na hawana magari ya kutosha kufika kila mahali.

Kwenye machimbo ya mikono hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo hata patroni wa kushitaki haonekani vizuri. Kamituga wazee wanakumbuka enzi za Sominki, wakati mchimbaji alipokuwa na namba ya kazi na hospitali ya kampuni. Sominki ilikufa katika miaka ya 1990, watu wakabaki na mashimo. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo yaliporomoka pale Kamituga na makumi ya wachimbaji wakafa. Waliokufa wanatajwa kwenye habari. Wanaotoka wazima nusu, na uti wa mgongo uliovunjika, wanarudi vijijini kimya. Wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu wanameza vumbi linaloharibu mapafu polepole, na hakuna anayeandika popote kwamba ni ugonjwa wa kazi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawataka wachimbaji wa mikono wawe ndani ya kopereti. Kopereti inayokusanya pesa kila wiki inaweza kuweka sehemu kwa ajili ya waliojeruhiwa. Wanachama wana haki ya kuuliza pesa hizo ziko wapi.

Vita imezidisha mzigo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, hospitali zinazopasua zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu. Benki zilifunga milango, na malipo yaliyozoea kupita benki yakawa magumu kufikia. Mfanyakazi aliyevunjika mkono katika siku hizo alipanga mstari nyuma ya waliopigwa risasi.

La kufanya siku ileile

Kwanza ni matunzo. Karatasi zisicheleweshe mgonjwa hata dakika moja. Lakini kabla jua halijatua, ndugu mmoja afanye mambo haya.

Amwombe daktari aandike kwenye cheti kwamba jeraha limetokea kazini, pamoja na tarehe, saa na mahali. Cheti kinachosema tu "mguu umevunjika" hakisaidii sana baadaye.

Aandike majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioona ajali, kabla hawajatawanyika. Apige picha ya mahali penyewe, kwa sababu kesho ngazi ile itakuwa imetengenezwa.

Apeleke barua kwa mwajiri akimwomba atangaze ajali. Nakala moja irudi nyumbani ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Mwajiri akikataa au akinyamaza, familia iende yenyewe kwenye ofisi ya CNSS na kwa inspekta wa kazi, ikichukua cheti na majina ya mashahidi.

Atunze kila karatasi ya malipo: radio, dawa, moto, chakula cha hospitali. Akipewa karatasi ya kutia sahihi kwamba amepokea pole na "mambo yamekwisha", asiisaini kabla hajaonyesha mtu wa sendika au mwanasheria.

Ugomvi ukiendelea, njia inaanzia kwa inspekta wa kazi, anayewaita pande zote mbili kupatana. Bila hatua hiyo, tribinali ya kazi haipokei kesi. Mahali ambapo tribinali hiyo haijawekwa, kesi inapelekwa kwenye tribinali kubwa ya eneo.

Njia hii ni ndefu, na wapo wanaoifuata bila kupata chote wanachodai. Lakini familia iliyo na cheti, mashahidi na nakala ya barua inaingia katika ofisi ikiwa na kitu mkononi. Familia iliyopokea dola chache za pole na kungojea simu, mara nyingi inarudi nyumbani na deni la hospitali, na kijana wa miaka ishirini ambaye hatapanda ngazi tena.