Dakika 10 Jukwaani: Kuandika Maigizo Hapa Washington

Nikisema chuoni kwamba jioni nikitoka maabara naenda kwenye mazoezi ya igizo, huulizwa mambo mawili: unalipwa ngapi, na injinia anatafuta nini huko? La kwanza jibu lake ni fupi: sifuri. La pili linataka maelezo, maana wengi wetu tulikulia kwenye maigizo ya shule na vikundi vya sanaa vya mtaani, halafu tukifika hapa tunadhani jukwaa ni mali ya wenyeji.

Mlango ulio wazi ni igizo la dakika 10. Aliyelipa umaarufu Marekani ni Jon Jory wa Actors Theatre of Louisville, kule Kentucky, ambako tamasha la Humana lilianza 1976. Hapa Washington, Source Theatre Company, iliyoanzishwa 1977 na kukaa mtaa wa 14, ilikuwa na mashindano ya maigizo ya aina hiyo kwenye tamasha lake la kiangazi. Kampuni ilipokufa, jengo likakarabatiwa, likapata Source Festival, iliyodumu kuanzia 2008 hadi 2017. Capital Fringe nayo ilianza 2006. Upande wa Maryland kuna Silver Spring Stage, kikundi cha tangu 1968 chenye ukumbi chini ya maduka pale Four Corners, ambacho kwa miaka mingi kimeandaa tamasha la maigizo ya kitendo kimoja. Matamasha haya huzaliwa na kufa, kwa hiyo hakikisheni lipo kabla ya kutuma kitu.

Vikundi kama hicho cha Silver Spring ni vya ridhaa, kama tunavyosema ngumi za ridhaa. Anayeigiza jaji leo usiku, asubuhi ni karani wa serikali au muuguzi. Mtunzi hutuma mswada wa kurasa kama 10, kwa hesabu ya ukurasa mmoja dakika moja. Sehemu nyingi hutaka jina lako lisionekane ndani yake, hivyo wanaosoma hawajui umetoka Bethesda au Bukoba. Ukichaguliwa unapewa mwongozaji, naye anatafuta waigizaji, na mazoezi hufanyika jioni kwa wiki chache. Usiku mmoja hubeba maigizo 5 au 6 yanayotumia taa zilezile na meza ileile, na kati ya moja na jingine kuna muda wa kusogeza viti tu. Daladala inawezekana jukwaani, lakini iwe viti vinne na konda mwenye sauti.

Kwa mtu wa kwetu, kikwazo kikubwa ni salamu. Kwenye tamthilia ndefu mgeni hupiga hodi, anakaribishwa, wanaulizana habari za safari, za watoto, za mvua, halafu ndipo habari yenyewe. Hapo kurasa mbili zimekwisha kati ya 10. Ushauri unaotolewa sana ni kuzifuta, kuanza katikati ya ugomvi. Mimi sikubali. Salamu zetu ndizo zenye ugomvi ndani yake, ukizijua kuzitumia. Kijana anampigia simu shangazi yake Moshi, anasema "Shikamoo, shangazi," na marahaba haiji. Anarudia, kimya. Kila Mtanzania ukumbini ameshajua kuna jambo zito. Nilipoandika hivyo nilihofia Wamarekani wataachwa nyuma. Hawakuachwa. Walisikia neno likitolewa mara mbili bila kupokelewa, wakaacha kutafuna bisi zao. Kwa hiyo msikimbilie kutafsiri kila kitu. Mwili wa mwigizaji unatafsiri vizuri tu.

Kuna haki ambayo wengi hawaijui. Kwa desturi ya tamthilia hapa Marekani, hakimiliki hubaki kwa mtunzi, tofauti na filamu ambako mwandishi mara nyingi huiuza kwa studio. Mwongozaji hatakiwi kubadili neno bila ruhusa yako, na ni kawaida wewe kukaribishwa mazoezini. Nendeni! Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, ambako mwongozaji alimwomba mwigizaji aongee "kwa lafudhi ya Kiafrika", akatoka na sauti ya mfalme wa kwenye katuni. Niliomba aongee kama kawaida yake, na shangazi akarudi kuwa mtu. Nisingekuwepo, watazamaji 40 wangekwenda nyumbani na katuni wakidhani ndiye shangazi yangu.

Msije mkadhani sanaa ya ridhaa ni mchezo wa kupoteza muda. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩthũ, Limuru, walijenga jukwaa lao na kuigiza *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache. Desemba 31 mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushitakiwa, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Sisi hapa tatizo letu kubwa ni viti vitupu siku ya Alhamisi.

Jambo la mwisho ni fedha, hata kama ni kidogo. Baadhi ya matamasha hutoza ada ya kupokea mswada. Mimi huyapita, maana yasiyotoza yapo. Mengine hutoa zawadi au mrabaha mdogo. Mwenye viza ya F-1 aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kupeleka hundi benki. Na miswada ya matamasha ya kiangazi huanza kupokelewa miezi mingi kabla, mara nyingi wakati wa mitihani ya Desemba, kwa hiyo andikeni rasimu sasa hivi kabla maprofesa hawajatushika.