Jina Lililoandikwa kwa Sikio la Mgeni

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Kisa cha leo kinaanzia Makutano, pale barabara itokayo Thika inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Sagana na Nyeri, mwingine Embu na Meru. Makanga wanaita abiria, akina mama wananyanyua beseni za ndizi hadi kwenye madirisha ya matatu. Jina la mahali hapa halina fumbo. Njia zinakutana, basi ni Makutano, na ukiliandika unavyolisema umemaliza.

Sasa inueni macho. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mlima unaonekana kaskazini, mweupe kileleni. Huo ndio wenye kisa.

Wagikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Waembu huidondosha ile g wakasema Kirinyaa. Kwa Wameru ni Kirimaara, na kwa Wakamba ni Kĩĩnyaa. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf aliuona kwa mbali akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Akauliza jina, akaambiwa, akaandika. Mara aliandika Kenia, mara Kegnia. Hiyo gn ni mtindo wa Wafaransa na Wataliano wa kuandika sauti tunayoiandika ny.

Mbona e, na waliomjibu hawakusema e? Hapa ningependa mjaribu kwa midomo yenu. Semeni i ya kiti. Haya, semeni e ya embe. Sauti ya ĩ imekaa katikati ya hizo mbili: ulimi umeshuka kidogo kutoka kwenye i, lakini haujafika kwenye e. Kiswahili kina irabu tano tu. Kikamba, Kigikuyu, Kiembu na Kimeru zina saba. Alfabeti ya Kirumi aliyokuja nayo Krapf ina herufi tano za irabu, kwa hiyo sauti mbili zilikosa kiti, zikakalishwa kwenye viti vya wenzao. Ndiyo maana baadaye ikabuniwa ile alama ya juu, tukapata ĩ na ũ.

Mwaka 1920 Waingereza walipoifanya nchi hii kuwa koloni, waliipa jina la mlima, kwa tahajia iliyokwisha kuzoeleka: Kenya. Kwa hiyo kila mnapoandika jina la nchi yenu juu ya daftari, mnaandika sauti ya Kikamba jinsi ilivyosikika katika sikio la mgeni. Sisemi tulibadilishe. Limezaa watu, limekuwa letu. Nasema mjue lilikotoka.

Na hapo Sagana, jirani ya Makutano, pana kisa kingine. Wagikuyu huuita mto wa hapo Thagana, ila th yao husomwa kama dh ya dhahabu. Asiyeizoea sauti hiyo husikia s, naye akiandika, mto unakuwa Sagana. Ukiteremka hadi pwani, maji yaleyale yanaitwa Tana.

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Mji mkuu wa Uchina uliandikwa Peking katika vitabu vya Wazungu kwa miaka mingi, na Guangzhou ikaitwa Canton. Wachina wakakaa wakapanga wenyewe namna ya kuiandika lugha yao kwa herufi za Kirumi. Mpango huo, uitwao pinyin, ulipitishwa mwaka 1958, na kuanzia 1979 serikali yao ikautumia katika machapisho ya lugha za kigeni. Leo watu wengi duniani wanaandika Beijing. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwa sababu mwenye jina ndiye aliyeshika kalamu.

Wachina nao waliwahi kuyaandika majina yetu. Mwaka 1415 twiga alifikishwa kwa mfalme wao kutoka nchi waliyoiandika Malin, na wanahistoria wengi wanaona hiyo ni Malindi yetu, iliyopoteza mkia njiani. Karne hiyohiyo ilipokaribia kwisha, Wareno nao wakaja na kalamu zao: Malindi ikawa Melinde, Kilwa ikawa Quiloa. Kila msafiri alisikia kwa masikio ya kwao.

Alama za ĩ na ũ zimo kwenye kompyuta siku hizi, lakini vibao vingi vya barabarani bado havina. Kuna wazee wanaoyatamka majina haya sawasawa, na hawatakaa nasi milele. Basi mkipita Makutano siku ya mbingu safi, muulizeni mzee aliyeketi karibu nanyi jina la ule mlima. Liandikeni mlivyolisikia, mkamsomee, naye akitikisa kichwa, futeni mwandike tena.