Kambale anavuta hewa kama sisi: mambo ya kujua kabla ya kuchimba etangi Mugunga

Wanachama wengi wa koperative wanasema kambale ni samaki wa mtu maskini: unamtia katika maji yoyote, hata machafu, naye anaishi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoua samaki. Hapa Mugunga inaweza kuua hata mwenye samaki.

Samaki wengi, kama tilapia na sambaza, wanapata oksijeni kwa matamvua, yaani inatoka katika maji tu. Kambale (wataalamu wanamwita Clarias gariepinus) ana matamvua pia, ila juu yake, ndani ya kichwa, ana chumba kidogo. Ukipasua kichwa chake jikoni utaona humo kitu chekundu chenye matawi, kama mti mdogo ama koliflawa. Ni nyama laini iliyojaa mishipa ya damu. Kambale anapanda juu, anameza hewa, anaipeleka katika chumba kile, na damu inachukua oksijeni pale. Ndiyo sababu mama muuzaji anaweza kumbeba ndani ya beseni lenye maji kidogo mpaka sokoni, na anafika akiwa angali anachezesha mkia. Ngozi ikiwa na unyevu, anaweza hata kutambaa usiku kwa miiba ya mapezi yake kutoka dimbwi moja kwenda lingine.

Si yeye peke yake duniani. Huko Thailand, katika mashamba ya mpunga na mifereji, kuna samaki mdogo kama kidole anayeitwa betta. Mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Chumba chake cha hewa kina mifupa myembamba iliyokunjwa-kunjwa, yenye ngozi ya damu juu yake. Dume la betta ni mgomvi sana: ukiweka madume mawili pamoja yanararuana mapezi. Lakini kwa watoto ni baba kweli. Anatengeneza kiota cha mapovu juu ya maji, anaokota mayai kwa mdomo, anayapanga ndani ya mapovu, na yanayoanguka anayarudisha. Kwa nini mapovu? Kwa sababu maji yale yaliyotulia hayana oksijeni ya kutosha, na karibu na uso wa maji ndipo kuna nafuu. Betta ana ndugu zake hata katika nchi yetu: samaki wadogo wa jamii ya Microctenopoma, wa vijito na vinamasi vya bonde la mto Kongo, nao madume yao yanajenga kiota cha mapovu na kukilinda. Katika Ziwa Kivu hawapo.

Kambale hana huruma ya namna hiyo. Wakati wa mvua, usiku, jike linamwaga mayai kwenye majani ya ukingo uliofurika, yanashika pale, na wazazi wanaenda zao. Katika etangi kwa kawaida hatagi mwenyewe. Vituo vya vifaranga vinampiga jike sindano ya homoni, kisha wanamkamua mayai, na dume wanamchinja ili kupata mbegu zake. Maji yakiwa na joto zuri, mayai yanapasuka baada ya siku moja ama moja na nusu. Basi mtu akikuuzia vifaranga, fahamu kuna kazi nyuma yake, na bei yake si wizi.

Tuangalie hapa vizuri: kifaranga hazaliwi na kile chumba cha hewa. Kinakua polepole, na kwa wiki mbili tatu za kwanza anategemea maji peke yake, sawa na tilapia. Maji yakioza kwa chakula kilichobaki, vifaranga wanakufa wote usiku mmoja, na watu wanasema wamerogwa. Kumbe ni oksijeni. Halafu wakianza kukua, wakubwa wanameza wadogo. Mtenge kwa ukubwa mara kwa mara, msingoje. Na kwa sababu Goma iko juu, kama mita 1.500, maji yetu ni ya baridi kuliko anavyopenda kambale, kwa hiyo msitegemee akue haraka kama wa nchi za chini.

Sasa mazuku. Kila mtu wa kati ya Goma na Sake anajua neno hili. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Haionekani. Mbuzi na mbwa wanakufa humo, na watu pia.

Na etangi ni nini kama si shimo? Mtu anatafuta bonde ili maji yakae, maana mawe yetu yanavuja, na bonde ndipo gesi inapotulia. Kambale akipanda kuvuta hewa pale anavuta gesi. Mtoto aliyetumwa alfajiri kulisha samaki anainama juu ya maji, naye anaivuta ileile.

Sisi tunashauri hivi: pale penye ndege, panya ama wadudu waliokufa bila sababu, msichimbe. Waulizeni wazee wa eneo na watu wa Kituo cha Volkano cha Goma. Msitegemee jaribio la moto tu, sababu moto unaweza kuendelea kuwaka wakati gesi tayari inatosha kumwangusha mtu. Kwenye mawe, tangi la simenti ama la bashi lililojengwa juu ya ardhi, mahali palipoinuka penye upepo, ni ghali zaidi mwanzoni lakini halivuji na halikusanyi gesi. Lishia samaki jua likiwa limepanda. Na mtu akianguka shimoni, usishuke kumfuata: ita watu, mvuteni kwa kamba mkiwa juu.